Pikipiki ya Mkamwana wa Masoko

Siku niliyoripoti kazini Tukuyu, Afisa Mifugo wa Wilaya alinitazama, kisha akachungulia nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine anaingia. Hakuwepo mtu. Nilikuwa mimi peke yangu na sanduku langu la bati, nimelowa chepechepe, maana mvua ya Tukuyu haimwonei haya hata mwenyeji wake.

“Binti,” akasema, “mwenye barua hii yuko wapi?”

“Ndiye mimi, mzee.”

“Wewe ndiye mhimilishaji?”

“Ndiye mimi.”

Bwana huyo alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mpole, mwenye kusema mambo mazito kwa sauti ndogo. Akaniambia ng'ombe wa maziwa wa wilaya hii wana miili, akaniuliza nitawafikia kwa ngazi au kwa njia gani. Nikamjibu kwamba nitapanda ndoo. Alicheka mpaka akavua miwani, na tangu hapo pale ofisini nikawa naitwa Ndoo. Sikukasirika. Kwanza ilikuwa kweli, kwa sababu muda wote wa kazi yangu nilikuwa naifudikiza ndoo nyuma ya ng'ombe na kusimama juu yake. Nilizaliwa mfupi na mwembamba, kula nikala kama wenzangu, lakini mwili ukakataa katakata kuongezeka.

Nyinyi vijana wa leo mnaosoma mambo haya mnayajua mengi, lakini niruhusuni nieleze kazi yetu ilivyokuwa. Uhimilishaji ni kumpa ng'ombe mimba bila kumleta dume. Mbegu za dume bora zinatunzwa ndani ya mirija myembamba, na mirija inakaa kwenye mtungi wa nitrojeni, kitu cha baridi kali ambacho ukifungua mfuniko kinatoa moshi mweupe. Wazee wa Kyimo walipouona moshi ule mara ya kwanza walirudi nyuma na kuniachia zizi lote. Ugumu wa kazi haukuwa mtungi, ulikuwa muda. Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, yaani anapolia bila sababu na kuwapanda wenzake, inafaa apandishwe jioni ya siku hiyo. Akionyesha jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukichelewa, mkulima anasubiri wiki tatu nyingine, na bila mimba hakuna ndama wala maziwa. Kwa hiyo hakuna mkulima aliyewahi kunichukia kwa ufupi wangu. Walinichukia nilipochelewa, na walikuwa na haki.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kyimo. Pale barabara ya lami ilinisaidia, maana nilidandia magari ya chai na ya ndizi, kisha nikamalizia kwa miguu na mtungi begani. Hapo Kyimo ndipo nilipokutana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa kata ya Masoko, mcheshi, mwoga wa baiskeli, akanioa. Tulipanga nyumba Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, na maisha yakawa mazuri tu.

Lakini ukiolewa umeolewa na ukoo, na baba mkwe wangu alikuwa mtu wa zamani. Sisi Wanyakyusa tuna desturi tunayoiita ukutila. Mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawakai chini ya paa moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mkamwana hataji jina la mkwewe. Wakikutana njiani, mwanamke anatoka njiani kabisa, anaingia kwenye migomba, anageuka na kujifunika mpaka mzee apite. Wakristo wengi siku hizo walikuwa wameilegeza, wengine wameiacha. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa na hakukosa ibada, ila kwa jambo hili alisema Mungu hakumtuma mtu kuja kuwavunjia watu adabu. Nami nililelewa hivyo, sikuona uzito wowote. Nilimheshimu kwelikweli mzee yule, na jina lake sitalitaja hata hapa.

Basi yakaja mageuzi. Wenye umri wangu mnakumbuka miaka ile ya ruksa, nguo za mitumba zilipojaa sokoni Tukuyu, na vipuri vya pikipiki tulivyokuwa tukiviomba kwa barua vikawa vinauzwa dukani na mtu yeyote mwenye meza. Wanunuzi wa maziwa wakawa watu binafsi. Wakulima wa Masoko waliokuwa wakitegemea kahawa na ndizi wakaanza kupewa mitamba na mradi mmoja wa maziwa kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, yaani unapewa ng'ombe, na unalipa kwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Mambo yalichangamka. Upande wa pili, serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi.

Afisa Mifugo wa Wilaya alituita tuliokuwa vituoni. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, “Kata zinaunganishwa. Masoko na jirani zake patakuwa na mhimilishaji mmoja, mwenye pikipiki. Mradi unaleta pikipiki. Asiyeweza kuendesha sitakuwa na mahali pa kumweka.” Kisha akanitazama. “Ndoo, Masoko ni kwa wakwe zako, watu wanakujua. Nafasi ni yako. Lakini ni lazima uendeshe.”

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Kazi nilikuwa naipenda, sikuwa na nyingine, na huko Masoko kulikuwa na mitamba mizuri ya watu maskini iliyokuwa inapitisha joto bila kupandishwa. Kwa mara ya kwanza nilikosa usingizi kwa ajili ya chuma.

Aliyegawa pikipiki alikuwa Meneja wa Mradi, mtu wa Moshi, nadhifu, asiyependa kitu kiwe nje ya utaratibu. Alinipima kwa macho akasema mtu mdogo apewe pikipiki ndogo, akanipa moja ya zile za kupandia katikati kama baiskeli ya kike, tairi ndogo, tumbo chini. Kosa hilo bado watu wanalifanya mpaka leo. Wanadhani mtu mfupi anahitaji pikipiki fupi kila mahali. Pikipiki ile kwenye lami ya Kyimo ilikuwa safi. Kwenye njia za Masoko, ambako mvua inachimba mifereji katikati na mawe yanatokeza, tumbo lake liligonga kila jiwe, na tairi zake ziliteleza kwenye udongo kama mtu aliyevaa viatu vya kanisani. Siku ya tatu jiwe lilipasua injini chini, mafuta yote yakamwagika. Nikarudi kwa miguu naisukuma.

Meneja akasema, “Basi chukua kubwa kama wenzako.”

Zile kubwa zilikuwa za Kijapani, tairi za meno, tumbo juu, imara sana, na wenzangu wanaume walizisifu kutwa. Nilipokaa juu yake miguu yote miwili ilining'inia. Nikiegemea upande mmoja, ncha ya kidole gumba inagusa ardhi, na wakati huo pikipiki nayo imeshaamua kulala. Haya, mniamini: kwenda nilikwenda. Ikishashika mwendo, kimo cha dereva hakina maana. Tabu ilikuwa kusimama, na Masoko ni lazima usimame. Mwanamke hampiti mzee njiani kama upepo. Unasimama, unashuka, unachuchumaa, unasalimia, unajibiwa habari ya nyumbani, ya mume, ya ng'ombe, kisha ndipo uendelee. Kwa njia moja ya asubuhi unakutana na wazee wangapi? Kila salamu nilianguka. Watu walianza kunionea huruma, wengine wakawa wananipungia mkono kutoka mbali ili nisisimame.

Siku moja nikiwa kwenye mteremko niliona kofia ya kijani mbele yangu, inapanda polepole. Baba mkwe alikuwa na kofia ya kijani. Nikakata kona kuingia kwenye migomba ili nimpishe. Pikipiki ikalala, mguu wangu chini yake, mtungi ukabingirika mpaka kwenye mtaro. Nikiwa pale chini nilijifunika kanga usoni, heshima kwanza, maumivu baadaye. Kofia ikafika, ikasimama.

“Dada, umepatwa na nini?” Alikuwa muuza samaki wa kutoka Kyela. Wala hatukuwa na undugu wowote.

Alinisaidia kuinua pikipiki, maana peke yangu sikuweza. Na hilo nalo liliniuma kuliko mguu.

Nikaenda kwa Meneja nikamweleza bila kuficha. “Bwana Meneja, kwenda najua. Kusimama ndiyo tabu.”

Akanijibu, “Mama, mradi haukununua pikipiki za kusimama.” Akaongeza kwamba mwisho wa mwezi yeye na Afisa Mifugo wangeamua, na kwamba yuko kijana wa kiume mrefu anayesubiri nafasi.

Wakati huo pale mradini kulikuwa na Mtaalamu wa Malisho, mzungu kutoka nchi yenye milima, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha. Alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, ya ajabu, na Jumamosi aliipeleka kwenye mawe ya mto Kiwira kucheza. Ilikuwa nyembamba, tangi dogo, tairi la nyuma pana na laini, tumbo juu kabisa, na kiti kama kipande cha mkate. Watu wa Tukuyu waliicheka, wakaiita Panzi. Hakuna aliyeitamani, kwa sababu pikipiki siku hizo ilikuwa heshima, na heshima haikai kwenye kiti cha namna ile.

Nilimkuta karakana anaiosha. Nikamuuliza ni ya nini hasa.

“Ya mchezo,” alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni lakini kilieleweka. “Kwetu tunashindana kupanda mawe na magogo, polepole sana. Hakuna mbio. Msimamizi anaangalia mguu. Ukiweka mguu chini, pointi moja. Mguu tena, pointi tena. Mwenye pointi nyingi ameshindwa.”

“Kwetu ni kinyume,” nikamwambia. “Kwetu mkamwana asiyeweza kuweka mguu chini ndiye ameshindwa.”

Akataka nimweleze. Nikamweleza kuhusu salamu, kuhusu mkwe, kuhusu kofia ya kijani na muuza samaki. Hakucheka, isipokuwa kwa muuza samaki. Akasema, “Kaa juu yake.”

Nikakaa. Nyayo zangu mbili zikatua chini, kisigino na kidole. Sijui kama mtu mrefu anaweza kuelewa nilivyojisikia. Nilitaka kuimba.

Fundi Mkuu wa karakana, naye mwenyeji wa Masoko, alikuwa anasikiliza huku akifuta mikono. Akasema kukaa tu hakutoshi. Akailaza Panzi chini kwenye majani, akaniambia niiinue. Nikageuka, nikaipa mgongo, nikashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nikasukuma kwa mapaja. Ikainuka. Ile kubwa nilikuwa nikiisukuma hivyo hivyo na inabaki imelala inanitazama. Akaniambia nipige kiki. Nikapiga bila kutafuta jiwe la kusimamia. Akaangalia vidole vyangu kwenye klachi, akaona havifiki vizuri, akalegeza skrubu na kukisogeza kishikio karibu na usukani. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanamfanya mtu mwenye mkono mdogo aendeshe siku nzima bila kuumwa kiganja.

Nami nimewaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo miaka yote. Kabla ya kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, ilaze uiinue mwenyewe, kwa sababu siku itakapoanguka porini hutakuwa na fundi. Angalia kiti kama kinakuruhusu kutua mguu hata upande mmoja ukiwa kwenye mteremko, siyo kwenye sakafu ya duka. Angalia tumbo na mawe ya kwenu. Na jaribu gia ya kwanza: pikipiki ya mawe ina sproketi kubwa nyuma, yaani lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, kwa hiyo gia ya kwanza inatambaa, injini haizimi hata ukienda mwendo wa mtu anayechunga mbuzi. Injini yenye nguvu za ghafla inamrusha mtu mwepesi. Injini inayovuta taratibu inamngoja.

Mtaalamu alipoondoka aliiacha Panzi kwa mradi. Meneja alipinga kidogo, akasema pikipiki ya mchezo haiko kwenye utaratibu, lakini Afisa Mifugo wa Wilaya akamwambia kwa sauti yake ndogo kwamba hata mtu anayetumia ndoo kama ngazi hayuko kwenye utaratibu. Fundi Mkuu akachomelea keria nyuma, akatengeneza sanduku la mbao la mtungi, akaongeza sifongo kwenye kiti, kidogo tu, nisije nikapoteza ardhi yangu. Taa ilifungwa ya baiskeli.

Kabla hajaondoka, Mtaalamu alikuwa amenifundisha kwenye mteremko ulio nyuma ya karakana. Nilijifunza kuinuka juu ya vikanyagio magoti yakiwa yamelegea, kuivuta klachi nusu na kuiachia kama unavyomwachia ndama kamba, kusimama katikati ya mlima kwa breki ya nyuma na kuondoka tena bila kurudi nyuma hata shubiri. Kila nilipotua mguu alisema, “Pointi moja.” Nami nikamjibu, “Ndaga,” yaani ahsante, maana kwangu ilikuwa sifa.

Siku ya kuamuliwa ikafika. Afisa Mifugo wa Wilaya alisema atanifuata mwenyewe mpaka Masoko, yeye akiwa kwenye ile kubwa, aone kama naimudu njia. Tuliondoka asubuhi baada ya mvua. Panzi ilitambaa vizuri. Kwenye mifereji nilipita ukingoni, kwenye mawe nilinyanyuka, nikasikia nyuma yangu bwana mkubwa anapambana na usukani. Nilisimama kuwasalimia wazee, nikachuchumaa, nikaondoka. Hakuna nilipoanguka. Nilianza kujiona.

Tulipoingia njia nyembamba katikati ya kahawa na migomba, nikasikia kikohozi. Wazee wa zamani hukohoa hivyo ili mkamwana ajue. Safari hii hakuwa muuza samaki. Kulia kwangu kulikuwa na ukingo wa udongo, kushoto mtaro. Sikufikiri. Gia ya kwanza, nikainuka, nikaipandisha Panzi ukingoni, nikapita kati ya migomba miwili, nikatua miguu, nikazima injini. Nikageuka na kujifunika kanga, kimya.

Afisa Mifugo alifika akanikuta nimesimama migombani na kanga kichwani.

“Ndoo, vipi? Njia iko huku,” alisema. Sikujibu, ningejibuje na mzee yuko pale? “Mama, kama imekushinda sema tu. Hakuna aibu.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeendesha vizuri kuliko siku zote, na bosi wangu alikuwa anaona nimekimbia njia. Machozi yalinitoka ndani ya kanga.

Ndipo nikasikia sauti ya baba mkwe. Alikuwa amesimama akitazama upande wa mtaro, hilo nililijua bila kuona. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake.

“Ugonile, bwana mkubwa.”

“Salama, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Huyo aliye kwenye migomba haikumshinda njia. Ananipisha mimi. Wamepita hapa wengi na pikipiki kubwa. Wananirushia tope, wanasema hawawezi kusimama, mlima. Leo ndiyo nimeona pikipiki yenye adabu.”

Afisa Mifugo akashuka kwenye pikipiki.

“Mwambie tena,” mzee akaendelea, “mtamba wangu analia tangu jana jioni. Mimi nakwenda kwenye kahawa kule chini, sitarudi mpaka nisikie injini imeondoka.”

Nikasikia fimbo yake ikishuka kwenye kahawa. Bosi wangu akaniuliza taratibu kama sasa inaruhusiwa kuongea. Nikamwambia inaruhusiwa. Nikamweleza desturi yote palepale. Alisikiliza, akasema kwao Singida wanazo za kwao, ila hakuwahi kufikiria kwamba desturi inaweza kuchagua pikipiki. Nilimpandisha mtamba yule nikiwa juu ya ndoo, mama mkwe akinishikia mkia. Jioni, tulipofika Tukuyu, bosi alimwambia Meneja mbele yangu, “Masoko pana mtu.” Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia vizuri, kilio cha furaha, Fundi Mkuu akanipa kitambaa chenye grisi nikajipaka uso mzima.

Nilikaa Masoko miaka mingi. Afisa Mifugo wa Singida alihamishwa, wakaja wengine wawili, mmoja mkali, mmoja mpenda hotuba. Mradi uliisha, Meneja akarudi kwao, Panzi ikabaki mikononi mwangu kwa sababu hakuna aliyeidai. Nikawa napewa watumishi wapya wa kuwafundisha kuendesha, hasa wasichana wadogo wa umbo kama mimi. Wengine niliwachagulia pikipiki na wakanikasirikia kwa sababu haikuwa ya kupendeza. Hawakukaa na hasira muda mrefu, njia za Rungwe ziliwaeleza yaliyobaki.

Siku ya kuniaga, ofisini Tukuyu, vijana waliniuliza ni safari gani sitaisahau. Walitegemea niseme ile ya kujaribiwa. Nikawaambia iko nyingine, na nawaandikia nanyi, kwa sababu tangu nistaafu ndiyo ninayoiota.

Ilikuwa masika. Nyoka alimuuma baba mkwe mguuni akiwa kwenye kahawa. Daraja dogo la chini lilikuwa limezolewa na maji, na gari la hospitali lilikuwa linasubiri ng'ambo. Machela ingechelewa, njia ilikuwa tope tupu. Mume wangu, nimekwisha kusema, alikuwa anaogopa hata baiskeli. Panzi ilikuwa uani. Kila mtu aliitazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nyuma ya nyumba nimegeukia ukuta, na hakuna aliyethubutu kusema. Niliogopa sana. Niliogopa mzee afe kwa sababu yangu, na niliogopa vilevile kumvunjia heshima aliyoilinda maisha yake yote.

Ni yeye mwenyewe aliyesema, akimwambia mkewe kwa sauti ya kutosha nisikie. “Aipande. Asigeuke. Mimi nitakaa kinyume.”

Wakatoa sanduku la mtungi. Wakampandisha kwenye keria akitazama nyuma, mguu umefungwa ubao, mwenyewe amefungwa kwa kitenge kwenye chuma. Mama mkwe akaweka mto kati yetu, ili mgongo usiguse mgongo. Shemeji zangu wakatembea pembeni, mmoja kila upande. Nikaipeleka kwa gia ya kwanza, inatambaa, miguu yangu ikigusa chini hapa na pale, na sikujali pointi ngapi.

Nilidhani atanyamaza. Akaanza kuongea, siyo na mimi. Aliongea na migomba.

“Njia yangu hii,” alisema, “nimeipita tangu ujana, na sijawahi kuitazama ikiniacha.” Baadaye kidogo, “Migomba, mwambieni dereva kuna jiwe kulia, nalikumbuka.” Lilikuwepo. Tulipofika kwenye maji akasema, “Migomba, mwambieni nilimpima siku ile ya bwana mkubwa, na sikukosea.”

Nikavuka juu ya mawe, polepole, shemeji wakiishikilia pande zote mbili. Wakampokea, mlango wa gari ukafungwa. Alipona, akaishi miaka mingine mizuri, na desturi yetu ikaendelea kama kawaida, yeye akikohoa na mimi nikipanda ukingoni. Hatukuizungumza safari ile hata kupitia kwa mtu.

Sasa ametangulia. Watu waliotuona siku ile wananisimulia mpaka leo. Mama mmoja anasema mzee alikuwa anacheka njia nzima, mwingine anaapa alikuwa analia. Wananiuliza yupi anasema kweli. Mimi sijui, sikuuona uso wake.